Mbwa aliyefungwa getini: Nani ataulizwa?

WIKI mbili baada ya Idi el Fitri nilikuwa nafundisha mlango wa twahara kwa wanafunzi wa kidato cha pili. Kijana mmoja wa kiti cha nyuma akanyoosha mkono. "Ustadh, mbwa akifa kwa kiu nyumbani kwa mtu, dhambi ni ya nani?" Kwa kuwa ubaoni nilikuwa nimeandika aina za najisi, nikamjibu kwa haraka. Nikamwambia kuwa mbwa katika madhhab ya Imam Shafi (r.a.) ni najisi nzito, kwamba kilichoguswa na mate yake huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na kwamba Imam Malik (r.a.) ameona vingine. Wenzake wakacheka. Kijana akakaa. Kengele ilipolia na mimi nafuta ubao, ndipo nikagundua kuwa nilikuwa nimejibu swali ambalo hakuniuliza.

Nikamwita. Kisa chake ni hiki. Mwaka uliopita wezi waliruka ukuta wa nyumba yao, na baba yake akaleta mbwa. Akafungwa karibu na geti kwa mnyororo mfupi. Ilipofika Idi familia nzima ikasafiri kwenda Tanga kwa siku sita. Mlinzi aliachiwa pesa ya unga na dagaa, akaambiwa amwangalie mbwa. Siku ya pili mlinzi akapata habari ya msiba kwao, akafunga geti akaondoka, na hakumwambia mtu. Waliporudi walikuta beseni limepinduka juani na mnyororo umezunguka nguzo mpaka umekwisha. Baba alimwita mtu akamzika mbwa, na habari ikaishia hapo. Kwa kijana haikuishia.

Nami simo nje ya kisa hiki. Njia yangu ya kwenda msikitini alfajiri hupita nyuma ya ukuta ule. Nilimsikia akibweka usiku wa kwanza na wa pili. Usiku wa tatu haikuwa tena sauti ya kubweka. Nikaomba hifadhi kwa Allah (s.w.), kama tulivyofundishwa tusikiapo mbwa usiku, nikajisemea kuwa huyo ni mbwa wa watu, nikapita na udhu wangu. Nawaandikia wasomaji nikiwa mmoja wa wanaoulizwa.

Ndugu zangu Waislamu, tuanze na hili neno najisi, kwa sababu ndilo tunalojifichia. Wengi wetu tumelielewa kana kwamba ni hukumu juu ya mbwa mwenyewe, kwamba ni kiumbe kisicho na haki. Sivyo. Najisi ni hukumu inayohusu nguo zetu, vyombo vyetu na mahali petu pa kuswalia. Mama mwenye mtoto mchanga anashinda na najisi kutwa nzima. Anaosha, anafua, anabadili kanga ndipo aswali. Hakuna aliyewahi kusema kuwa kwa sababu hiyo mtoto anyimwe maziwa. Sisemi mbwa ni sawa na mtoto. Nasema kwamba hukumu ya kuosha ni jambo moja na haki ya kiumbe ni jambo jingine, na hata huko kufundishwa kuosha chombo kunaonyesha kuwa Sheria ilijua mbwa atakuwa karibu na vyombo vyetu.

Qur'an yenyewe inawataja mbwa pasi na dharau. Katika Surat al-Kahf mbwa wa wale vijana wa pangoni ametajwa akiwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, na watu wanapobishana kuhusu idadi ya vijana wale, mbwa naye yumo katika hesabu. Katika Surat al-Maida, aya ya nne, tumehalalishiwa windo la mnyama aliyefundishwa. Mimi kama mwalimu aya hiyo hunifurahisha, kwa sababu wanazuoni wamesema kuwa ni elimu ndiyo iliyomtofautisha mbwa huyo na mwenzake. Na Imam Bukhari amepokea kwa Ibn Umar (r.a.) kuwa zama za Mtume (s.a.w.) mbwa walikuwa wakipita msikitini wakienda na kurudi.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni kitabu kidogo zaidi ya hivyo. Kila aliyesoma chuoni pwani hii anaijua Safina, kile kijitabu cha fiqhi cha Sheikh Salim bin Sumayr wa Hadhramaut ambacho tulikihifadhi kabla hatujajua maana yake. Katika mlango wa tayammamu anataja sababu tatu. Ya kwanza ni kukosa maji, ya pili ni maradhi. Ya tatu ni pale maji yapo, lakini yanahitajika kwa kiu ya mnyama muhtaram, yaani kiumbe ambaye uhai wake una heshima mbele ya Sheria. Kisha anawaorodhesha wasio muhtaram, na miongoni mwao yumo mbwa. Lakini si kila mbwa, bali ni yule mkali anayeuma watu. Wanazuoni wetu wa Kishafi walipofafanua wakasema kuwa mbwa mwenye manufaa, wa kuwinda au wa kulinda, huyo ni muhtaram. Waliyekhitilafiana ni yule asiye na manufaa wala madhara.

Tuitazame vizuri hukumu hii. Mtu ana maji ya kutosha udhu. Mbele yake kuna mbwa wa ulinzi mwenye kiu. Anaambiwa maji yale ni ya mbwa, na yeye apige mikono yake katika mchanga aswali. Na wanaosema hivyo ni madhhab ileile inayosema mate ya mbwa huyo yaoshwe mara saba! Hawakuona mgongano wowote. Unajisi wake ulikuwa na mlango wake, na kiu yake ina mlango wake. Nimeifundisha sababu hiyo ya tatu miaka na miaka, nikiitolea mfano wa ngamia na punda, na alfajiri ile nilipita ukutani pale nikiwa na udhu kamili.

Sasa turudi kwenye swali la kijana. Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Mara nyingi waadhini huisimulia kana kwamba somo lake ni mapenzi ya paka. Ukiisoma kwa makini utaona kosa limetajwa wapi: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini. Paka anayezurura mtaani akifa njaa hatuna wa kumshitaki. Huyu alikuwa na wa kuulizwa kwa sababu kuna mkono uliofunga mlango. Kumfunga kiumbe ndiko kunakoleta dhima. Ukishamzuia asiende kisimani, wewe ndiye umekuwa kisima chake. Na mbwa wa getini, mwenye mnyororo wa hatua tatu, amefungwa kuliko paka yule.

Basi je, kumkabidhi mlinzi kunaondoa dhima? Mtu akimwachia mwenzake amana yake iangaliwe, hatuoni vibaya. Lakini mwenye mali anayesafiri siku sita bila hata kupiga simu kuuliza, huyo hakukabidhi, amesahau. Mafaqihi wetu wameandika kuwa mwenye mnyama asiyeliwa akikataa kumlisha, kadhi humlazimisha ama alishe ama amtoe katika mikono yake. Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salaam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, yaani 1262, alitaja katika Qawaid al-Ahkam haki za wanyama juu ya binadamu, na miongoni mwazo ni kumhudumia hata akizeeka au akiugua kiasi kwamba hana faida tena. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 imekuja baada ya zaidi ya karne saba, nasi tunadhani mambo haya ni ya Wazungu.

Najua kuna msomaji ambaye tayari amekunja uso. Atasema: ustadh huyu anatutaka tulale na mbwa sebuleni. La hasha. Hadithi ya kupungua kwa thawabu za anayefuga mbwa bila haja, qirati kila siku, ni sahihi, na iliyotaja malaika kutoingia nyumba yenye mbwa ni sahihi pia. Vijana wetu wa mjini wanaonunua mbwa wa bei mbaya ili wapigwe naye picha, hao wana hesabu yao ya kuitazama. Lakini hadithi hizo hizo zimewatoa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na Imam Nawawi ametaja kuwa kauli sahihi zaidi ni kufaa pia kumfuga kwa kulinda nyumba, kwa kipimo cha hao. Atakayesema Mtume (s.a.w.) aliamuru mbwa wauawe, amalizie: amri hiyo baadaye aliizuia, na mbwa anayedhuru ndiye aliyebaki kuruhusiwa kuuawa. Naye huuawa kwa wema, si kwa kutupiwa nyama yenye sumu barabarani, akakokota tumbo kutwa nzima mbele ya watoto.

Na kuna jambo la uhai wa watu humu. Siku moja niliwauliza wanafunzi wangu: ukikwaruzwa na mbwa ukitoka madrasa, utasema nyumbani? Wengi walisema hapana. Wanaogopa kugombwa kuwa wamejinajisi. Huu ni msiba. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani limekadiria vifo 59,000 kwa mwaka, na takriban 4 kati ya kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Jeraha linapaswa kuoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa sindano. Mtoto anayeficha anapoteza muda huo wote kwa sababu ya fiqhi tuliyomfundisha nusu.

Dawa yenyewe huanzia kwa mbwa. Tazameni Pemba, kisiwa ambacho karibu wakazi wake wote ni Waislamu. Watafiti walifuatilia ugonjwa huu huko tangu mwaka 2010. Mbwa wakawa wanachanjwa kila mwaka kisiwa kizima, na kufikia Mei 2014 kichaa cha mbwa kikawa kimetokomezwa. Chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingia tena kutoka nje na kuenea. Wakarudi kuchanja, na Oktoba 2018 ukatokomezwa kwa mara ya pili. Wataalamu wanasema yatosha kuchanja mbwa 70 katika kila 100 ili mnyororo wa maambukizi ukatike. Lakini mbwa hajipeleki kwenye chanjo. Lazima awe na mtu anayekubali kuitwa mwenye mbwa, amshike kamba, asimame naye kwenye foleni mbele ya majirani zake, naye akirudi afue kanzu yake. Huo ndio mtihani kwetu. Tunataka ulinzi wake usiku lakini mchana hatutaki kuonekana naye.

Baba wa kijana alinifuata baada ya swala ya Alasiri, wiki moja baada ya lile swali. Nilidhani amekuja kunigombeza kwa kumtia mwanawe maneno. Aliuliza kama kuna kafara. Nikamwambia kafara maalumu siijui, ninachokijua ni toba, na kuwa hata mimi nilipita pale. Hakujibu. Tukakaa barazani mpaka jua likaanza kushuka, ndipo akasema kuwa rafiki yake amempa mtoto mwingine wa mbwa.

Kijana amemjengea kibanda chini ya mwembe, mbali na mlango wa nyumba, na mnyororo sasa unateleza kwenye waya mrefu uliovutwa toka mti hadi ukuta. Ndoo ya maji imefungwa kwenye shina isipinduke. Chanjo ni akifika miezi mitatu. Kwa sasa ana wiki saba. Na Idi ijayo wakisafiri, ufunguo wa geti utabaki kwangu.