Kauli Inayokubali Kujibiwa

Mamlaka ya kauli, yaani haki anayopewa mtu ya kusikilizwa na kuaminiwa, haitoki katika chanzo kimoja, na tofauti ya vyanzo hivyo hudhihirika pale kasisi anapoingia katika uandishi wa habari na siasa. Katika ibada ya Jumapili, iwe Iyunga jijini Mbeya au kwingineko, muumini hanyooshi mkono kumpinga mhubiri, kwa kuwa huaminika kwamba ujumbe anaoutangaza si wake. Gazetini mambo ni mengine: aliyetajwa ana haki ya kujibu, msomaji humwandikia mhariri barua, na mahakama inaweza kuamua kwamba kilichochapishwa ni kashfa, yaani maneno yanayomvunjia mtu heshima bila haki. Katika siasa jibu la wasikilizaji huhesabiwa kwa kura.

Henry Okullu, kasisi Mwanglikana wa Kenya aliyehariri magazeti ya Kikristo ya Target na Lengo kabla ya kuwa askofu wa Maseno Kusini mwaka 1974, aliikosoa serikali na kutetea vyama vingi bila kuomba ubunge. Mchungaji Christopher Mtikila, mzaliwa wa Ludewa iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa, alikwenda mbali zaidi: alianzisha chama, akagombea urais, na akaifikisha hoja ya mgombea binafsi, yaani anayeomba kura bila kudhaminiwa na chama, mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu jijini Arusha. Mwaka 2013 alishinda, wala si kwa uchungaji wake, bali kwa sababu hoja yake ilipingwa na mawakili wa serikali ikasimama.

Mfano ulio kamili zaidi uko Shelisheli. Wavel Ramkalawan, kasisi Mwanglikana tangu 1985, aliongoza upinzani baada ya mfumo wa chama kimoja kufikia ukomo, huku gazeti la Regar, lililokuwa sauti ya upinzani huo, likiandamwa na kesi za kashfa. Aligombea urais mara kwa mara kuanzia 1998, akashindwa mwaka 2015 kwa kura 193 tu, akashinda 2020, na 2025 akaondolewa kwa kura na mpinzani wake Patrick Herminie. Katika nchi yenye watu laki moja na ushei, anayemnyima kasisi kura huenda ndiye aliyebatizwa naye, na kumnyima huko si kuasi imani.

Inaweza kudaiwa kwamba ukweli hauhitaji kura, na dai hilo ni sahihi. Lakini aombaye kura haombi kuthibitishiwa ukweli, bali anaomba kukabidhiwa madaraka, na madaraka ni ya wananchi. Kwa hiyo kasisi hana kizuizi cha kimaadili cha kuandika wala kugombea, mradi asiingie humo na kinga ya mimbari. Na mpigakura anayeogopa kumhoji kwa sababu ya joho lake atakuwa ameiacha kazi yake mwenyewe.