Sindano Kwanza, Mwanangu

Najua umekwisha kuamua, mwanangu. Umeona picha ya katriji ya gramafoni, ya bei kubwa, umesoma sifa zake, na pesa zinakuwasha mfukoni. Kaa kidogo. Chai ingali ya moto.

Kabla hujaniambia bei, niambie una santuri gani. Vijana wengi hulipita swali hili mbio. Hebu leta boksi la babu yako tulitazame. Nyingi ni hizi ndogo za inchi 7, za mizunguko 45 kwa dakika: rumba za Nairobi, Mbaraka Mwinshehe, taarabu zenye lebo ya Mzuri ya hapa Mombasa. Halafu chini kabisa ziko hizi tatu nzito, usiziangushe. Hizo ni za kasi ya 78, za zama za Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi. Mifereji yake ni mipana. Ncha ya sindano inayozifaa ni nene mara nne hivi kuliko inayofaa hizi za 45. Ukitia ncha nyembamba humo itazama mpaka chini na kuburura uchafu wa miaka yote. Ukiitia ile nene kwenye za 45 haitaingia. Itakaa juu ikiparuza. Kwa hiyo hakuna sindano moja ya boksi zima, hata mwenye duka akikuapia.

Sasa tazama gramafoni yenyewe. Zile za mkoba zinazouzwa siku hizi, nyingi zina katriji ya seramiki isiyobadilishwa, na hukandamiza santuri kwa gramu 5 au zaidi. Kama unayo hiyo, usinunue katriji. Weka akiba ya gramafoni nyingine. Unataka mkono wenye kizito cha kurekebisha nyuma, na mbele yake matundu ya skrubu mbili. Kipimo cha kawaida kati ya skrubu hizo ni milimita 12.7, na katriji nyingi za bei nafuu zinaingia hapo.

Ukiishika katriji mkononi, jua umeshika vitu viwili. Kuna mwili, wenye koili ndani. Kuna sindano, kijiti chembamba chenye almasi upande mmoja na sumaku ndogo upande wa pili. Almasi ikitetemeka kwenye mfereji, sumaku hutetemeka kando ya koili, na umeme huzaliwa. Ni umeme mdogo sana, milivolti nne au tano tu, ndiyo maana lazima amplifaya yako iwe na tundu lililoandikwa PHONO, au ununue kikuza sauti kidogo cha kukaa katikati. Mwili huo hauliki kwa kucheza. Kinacholika ni almasi.

Hapo ndipo ilipo siri ya mnunuzi mwenye pesa chache. Nunua mwili mmoja mzuri ambao sindano zake zinapatikana na zinabadilishika. Audio-Technica ya Japani ilitoa jamii ya VM95 mwaka 2018, na mwili wake unapokea sindano za namna nyingi: ya ncha ya mviringo, ambayo ndiyo ya bei ya chini, ya umbo la yai, ya mikrolinia iliyochongwa kwa ustadi zaidi, hata ile nene ya santuri za 78. Unachomoa, unachomeka. Skrubu zake hushika mwilini moja kwa moja, hakuna nati ya kudondoka chini ya meza ukaitafuta usiku kucha. Ortofon ya Denmark nayo ina 2M Red, na ukijaliwa baadaye unachomeka sindano ya 2M Blue kwenye mwili uleule. Zote mbili ni nzuri. Mimi napendelea ile ya Japani kwa sababu ya hizi tatu za 78.

Utaniuliza, sasa nichukue sindano ipi? Ya yai. Inasoma vizuri kuliko ya mviringo pale karibu na katikati ya santuri, ambako herufi za "s" huanza kuchakaza masikio. Ya mikrolinia ni bora, sikatai. Tena watengenezaji wenyewe huikadiria saa 1000, ilhali ya yai huikadiria saa 300. Upande mmoja wa rumba ukiwa dakika nne, saa 300 ni pande 4500. Anayesikiliza kila usiku, ya ghali humwia rahisi mwishowe. Lakini wewe mkono wako haujazoea. Sindano ya kwanza huvunjika, mwanangu, na kitambaa cha kufutia vumbi kimeua nyingi kuliko muziki ulivyoua. Na ivunjike ya bei ndogo.

Shika hii yangu ya 45, iinamishe kwenye mwanga. Unaona mifereji ilivyopauka? Ni kazi yangu mimi. Ujanani sindano ilipoanza kuruka, tuliweka shilingi juu ya kichwa cha mkono. Kila nyumba ilifanya hivyo. Wimbo ukatulia, tukacheza, tukasifiana kwa ujanja. Kumbe almasi ilikuwa imeisha, na sisi tumeiongezea uzito. Tulikuwa tunalima. Sindano mpya ingenigharimu mshahara wa siku chache, nikaona ni nyingi. Sasa hata ukiweka katriji ya mfalme, sauti iliyokatwa hapo hairudi. Baadaye nikaogopa uzito kabisa, nikaweka mkono mwepesi kama wa kumbembeleza mtoto, nikidhani ndiyo huruma. Nalo lilikuwa kosa. Sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kuzigonga kuta zake.

Kwa hiyo fuata gramu zilizoandikwa kwenye karatasi ya katriji. VM95 ya yai inataka gramu 2, ile ya Ortofon 1.8. Kwanza sogeza kizito cha nyuma mpaka mkono uelee wenyewe, haupandi wala haushuki. Hapo ndipo sifuri. Kisha zungusha hadi gramu unazotaka. Kuna mizani midogo ya sindano, bei yake si kitu ukilinganisha na santuri moja ya Mbaraka iliyo safi. Nunua. Nyaya nne za nyuma zina rangi: nyekundu na kijani ni za kulia, nyeupe na buluu ni za kushoto. Zishike kwa koleo ndogo, taratibu. Hukatika, na kuziunga ni kazi ya fundi. Kisha chapisha karatasi ya kupimia unyoofu wa katriji, ukae nayo chini. Itakuchosha. Huenda ukarudia mara nyingi, na kosa la milimita moja unalisikia.

Kama pesa haitoshi, mtumba si aibu. Nunua mwili uliotumika, mwombe fundi aguse pini kwa mita aone koili zote mbili zina mzunguko. Lakini usinunue sindano iliyotumika. Muuzaji hajui imecheza saa ngapi, na akikuambia anajua, muulize nani alihesabu. Jihadhari pia na vichwa vya zamani vya Shure. Ni vizuri kweli, ila kampuni iliacha kutengeneza katriji mwaka 2018. Sindano zake mpya hutoka kwa wengine, kama JICO ya Japani, na zilizobaki madukani huuzwa kwa bei ya kutisha.

Hizi tatu za 78 ziweke kando kwanza. Huenda gramafoni yako haina kasi hiyo. Ukitaka kuzifuta usitumie spiriti hata tone. Zimetengenezwa kwa sheleki, ileile ambayo mafundi seremala huiyeyusha kwa spiriti ili wang'arishie makabati. Maji kidogo na kitambaa laini vinatosha, na usiiloweshe karatasi ya katikati, maana jina la mwimbaji liko hapo tu.