Nani Aliyestahili Kutazamwa?

Siku moja nilifuatana na wageni waliovuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani. Walitazama Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, magofu yaliyoandikwa mwaka 1981 katika orodha ya Urithi wa Dunia. Maji yalipokupwa, walitoa darubini kuwatazama vitwitwi, ndege wadogo ambao baadhi yao huzaliwa Siberia, kaskazini ya mbali, kisha huja pwani yetu kukimbia baridi. Sote tulinyamaza tusije tukawashtua.

Hapo karibu bibi mmoja mzee alikuwa ameinama topeni akiokota chaza. Tulimpita. Hata mimi, niliyefundisha watoto adabu miaka mingi, sikumpa shikamoo. Yeye ndiye aliyeinua kichwa akasema, "Karibuni, wanangu."

Je, ni kosa kumtazama ndege? La, hasha. Lakini anayeweza kunyamaza kwa ajili ya kitwitwi anajua heshima ni nini. Basi hatukukosa kwa kutojua. Tulikosa kwa kuchagua. Ndege hakuhitaji salamu yetu. Bibi yule alistahili. Nikivuka tena, nitaanza na yeye.