Nani Alimuuliza Mama?

Aprili 2020 nilimkataza mamangu kazi. Nilimpigia simu kutoka Kitengela nikamwambia, "Mama, hao watu hawakulipi. Kaa tu nyumbani." Tarehe 6 mwezi huo serikali ilikuwa imefunga Nairobi na viunga vyake, Kitengela ikiwemo. Mimi nilikuwa ndani, yeye Kimana, nje. Sote tuko Kajiado, kaunti moja, lakini singeweza kumfikia. Nilikuwa na mimba ya miezi sita.

Mama alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea, mmoja wa wale kina mama wanaotembea boma kwa boma wakiuliza nani anakohoa, nani amekosa kliniki, mtoto gani hajachanjwa. Msimu huo alipewa barakoa mbili na fulana iliyomfika magotini. Glavu alikuwa anaziosha kwa Jik na kuzianika. Malipo yake yalikuwa asante.

Usiku mmoja, saa nane, jirani akashikwa na uchungu. Kafyu ilianza saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na habari za watu kupigwa na polisi zilikuwa zimefika hata Kimana. Vijana wawili wa boda walikataa kutoka; siwalaumu. Jirani mwenyewe hakutaka hospitali. Alikuwa amesikia ukienda unatupwa karantini na bili ni yako, na huo haukuwa uvumi mtupu, kwani mwanzoni watu walilipishwa kweli. Mama akamshika mkono, wakatembea gizani, wakisimama kila uchungu ulipokuja. Nairobi, Daktari Jemimah Kariuki aliona shida hiyohiyo akaanzisha Wheels for Life, wajawazito wakabebwa usiku bila malipo. Huku kwetu gari lilikuwa mamangu.

"Si ungekataa?" nilimuuliza.

"Ningemwambia nini? Arudi kesho?"

Tangu hapo neno kujitolea linanisumbua. Anayetoa ni yule anayeweza kunyima. Kama mtu hawezi kunyima bila kuitwa mwenye roho mbaya na kijiji kizima, je, ametoa, ama amechukuliwa? Baba alikuwa amelala nyumba hiyohiyo, na hakuna aliyewahi kuja kumwamsha. Shirika la Afya Duniani husema karibu asilimia 70 ya wahudumu wa afya duniani ni wanawake, na watu husikia hiyo kama habari ya huruma yao, ati wameumbwa hivyo. Ukishaamini mtu ameumbwa hivyo, utamlipa ya nini? Ilibidi tungoje hadi 2023 ndipo wahudumu wa jamii waandaliwe posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Gawanya kwa siku 30 uone.

Lakini hoja yangu ina tundu, na tundu ni mimi mwenyewe. Mwezi uleule niliomkataza Mama, nilienda kliniki hapa Kitengela. Nesi akatwambia glavu zimeisha, turudi kesho. Nilikuwa nimepanga foleni tangu asubuhi, miguu imevimba. Nikampandishia sauti mbele ya watu: "Hii si ndiyo kazi yako?" Aliniangalia tu, kisha akanipima bila glavu.

Yaani mamangu nilimtaka akatae, na mama ya mwenzangu nikamtaka asithubutu.

Tarehe 10 Julai alifariki Daktari Doreen Lugaliki, daktari wa kina mama, kwa ugonjwa huo wa korona. Nilisoma habari hizo kwa simu nikiwa nangoja siku zangu, na nikamfikiria yule nesi na mikono yake mitupu. Nilijiambia nikimpata nitamwomba msamaha. Kwa bahati alikuwa zamu usiku niliojifungua. Alinishika bega hadi mtoto akatoka, na mimi kati ya maumivu na furaha sikusema kitu.

Barabara zilikuwa zimeshafunguliwa, kwa hivyo Mama alifika siku ya tatu, na uji wake kwa thamosi. Kabla hata hajamshika mtoto aliuliza, "Nani alikuzalisha? Anaitwa nani?"

Sikuwa nimemuuliza jina.