Ada na Unga

Miaka kadhaa iliyopita binti wa shangazi yangu, mjane mwenye watoto watatu, alikuja nyumbani kwangu jioni moja akaniambia kwamba anataka kusoma. Alikuwa na umri wa miaka 38. Riziki yake ilikuwa vitumbua, alivyouza mbele ya nyumba aliyopanga, na sasa alitaka kujifunza ushonaji katika chuo cha maendeleo ya wananchi kilichopo karibu na mji wetu. Alihitaji ada ya mwaka mmoja.

Sitakuficha, ndugu msomaji. Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa hili: huyu naye, kwa umri huu? Na wiki ileile nilikuwa nimeahidi, bila kusita, mchango wa harusi ya mtu ambaye hata sura yake siikumbuki vizuri.

Hata hivyo nililipa. Nililipa, na nikahakikisha ukoo mzima umejua kwamba nimelipa. Alipoacha chuo mwezi wa tano, nikahakikisha pia wamejua kwamba fedha yangu imepotea. Nilisema hana bidii. Nilisema mtu mzima hafundishiki.

Ukweli niliujua baadaye, kutoka kwa jirani yake. Vitumbua huuzwa asubuhi, watu wanapokwenda kazini, na biashara haiishi kabla ya saa nne. Masomo chuoni yalianza saa mbili. Yule mama aliamka saa tisa za usiku, akakaanga, kisha akamwachia beseni binti yake wa miaka 11 auze badala yake. Mtoto akawa anafika shuleni saa tano, na siku nyingine hafiki kabisa. Mwalimu alipomwita mzazi, mzazi alifanya hesabu iliyokuwa mbele yake: ama yeye ashone, ama mwanawe asome. Akachagua. Nami, niliyekuwa nimelipa ada na kulala usingizi, nikamwita mvivu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: tunamdai nini, na tunadaiwa nini, na mtu mzima anayetaka kujifunza kazi? Mtoto tukimsomesha tunasema tunapanda mbegu. Mtu mzima tukimsomesha tunasema tumemhurumia. Fedha ni ileile, na pengine chuo ni kilekile. Kwa nini jina libadilike?

Wapo watakaojibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Fedha ni chache, basi zitangulie kwa watoto. Hoja hii si ya kudharauliwa. Lakini Mwalimu Nyerere aliitazama kwa upande wa pili. Mwaka 1964, akiwasilisha bungeni mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, alieleza kwamba ni lazima tuanze na watu wazima, kwa sababu elimu ya watoto itachukua miaka mitano, kumi au hata ishirini kabla ya kugusa uchumi wa nchi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1975 vikaanzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden. Isitoshe, kisa cha binamu yangu kinaonyesha kwamba mtoto na mzazi hawatenganishwi kirahisi hivyo. Mama alipokosa msaada uliokamilika, aliyepoteza masomo kwanza alikuwa mtoto.

Wengine husema mtu mzima abebe mzigo wake mwenyewe. Nami nauliza: kwani hajaubeba? Tangu mwaka 2005 tunayo Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa ajili ya wanafunzi wa elimu ya juu, na ni jambo jema. Kijana wa chuo kikuu anayepata mkopo hupewa pia fedha ya chakula na malazi, kwa kuwa tunatambua kwamba mwanafunzi mwenye njaa hasomi. Muuza vitumbua huchangia hazina hiyo kila anaponunua sukari yenye kodi ndani yake. Yeye anapotaka kujifunza cherehani, ndipo tunapokumbuka kwamba kila mtu abebe mzigo wake.

Ipo hoja ya tatu, nayo ni nzito zaidi: wengine watachukua msaada na wasimalize. Ni kweli, na nisingependa kudanganya kwamba sivyo. Lakini kabla ya kumhukumu aliyeacha, ni haki tuangalie kwanza tulimpa nini. Mtu mzima haendi chuoni peke yake. Huenda na watoto wake, kodi ya nyumba yake, mama yake mgonjwa na wateja wake wa asubuhi. Kumlipia ada tu ni sawa na kumlipia mtu nauli ya kwenda huku umemfungia mlango kwa ndani. Waliofikiria kuweka vituo vya kulelea watoto katika baadhi ya vyuo vya maendeleo ya wananchi walilielewa jambo hili kuliko nilivyolielewa mimi.

Nilikwenda kumwomba radhi. Alinisikiliza huku akichekecha unga wa mchele, kisha akasema, bila hasira, "Ada uliilipa, kaka, nami nakushukuru. Ila kitumbua hakijikaangi."

Mwaka uliofuata alirudi chuoni. Safari hii ndugu wanne tulikaa naye, tukamwuliza yeye mwenyewe anahitaji nini, jambo ambalo mara ya kwanza sikulifanya. Hakutaja ada kwanza. Alitaja unga, mafuta ya kula, na kodi ya chumba kwa muda wote wa masomo. Akaweka na sharti: nusu iwe zawadi, nusu iwe deni, kwa maana hakutaka kupita mbele ya nyumba zetu akiinamisha kichwa. Tulikubali. Hakuna aliyetangaza kitu.

Sare za shule za wanangu wawili alizishona yeye, na sehemu ya deni ikapungua kwa njia hiyo. Deni lake lina mwisho. Langu, la yale maneno niliyoyasambaza katika ukoo, sijui nitalilipa kwa kitambaa gani.