Miti ya Mtani

Masomo: Mithali 26:18-19, Kumbukumbu la Torati 20:19, Warumi 12:15.



Utani hatukufundishwa shuleni. Mchaga na Mpare wakikutana njiani, maneno huanza kabla ya salamu kwisha. Mmoja humcheka mwenziwe kwa habari ya fedha, wa pili humrudishia kwa jingine, na mgeni apitaye hudhani watapigana. Hawapigani. Tena siku ya msiba mtani hufika mapema, hushika jembe kaburini, naye ana ruhusa ya kumchekesha mfiwa machozi yakiwa bado usoni. Wazee wetu walikuwa na akili katika jambo hili, maana ruhusa ya kucheka waliifunga pamoja na wajibu wa kuzika. Aliyeukataa wajibu, ruhusa yake ilikwisha siku ile ile.

Mwenye hekima katika Mithali asema habari za mtu wa namna nyingine. Amfananisha na kichaa atupaye moto na mishale, kisha hujitetea kwamba alikuwa akicheza tu. Neno hili nimelisoma mara nyingi nikadhani lawahusu vijana watukutu. Sasa nalisoma kwa hofu, tangu nilipojifunza habari za mialoni miwili katika nchi ya Marekani, nami nataka kuwasimulia habari hizo kwa urefu kidogo.

Katika jimbo la Alabama, kusini mwa nchi ile, viko vyuo vikuu viwili. Kimoja kiko katika mji wa Tuscaloosa, nacho huitwa kwa jina la jimbo lenyewe, Alabama. Cha pili kiko katika mji wa Auburn, nacho huitwa kwa jina la mji. Vijana wa vyuo hivyo hucheza mpira wa Kimarekani, ambao si huu wetu wa miguu. Mpira wenyewe una umbo la yai, huchukuliwa kwapani na kurushwa kwa mkono, na wachezaji huvaa kofia ngumu kwa sababu ya kugongana. Msistaajabu kusikia kwamba mchezo wa wanafunzi huvuta umati. Uwanja wa Tuscaloosa hukalisha watu wapatao 100,000, na ule wa Auburn zaidi ya 80,000. Jimbo hilo halina timu katika ligi kuu ya mpira wa kulipwa, basi mapenzi yote ya watu yameviangukia vyuo hivi viwili. Mtu aweza kuwa hakusoma chuoni hata siku moja, wala baba yake hakusoma, naye husema “sisi tumeshinda” kana kwamba mguu wake ulikuwamo uwanjani. Mume aweza kuwa wa Alabama na mke wa Auburn chini ya paa moja. Huyu hulia “Roll Tide”, yaani wimbi na livingirike, na yule hujibu “War Eagle”, yaani tai wa vita. Kisha huketi wakala chakula.

Timu hizi zilikutana mara ya kwanza mwaka 1893 katika mji wa Birmingham, Auburn wakashinda 32 kwa 22. Mwaka 1907 walitoka sare, 6 kwa 6. Baada ya hapo wakakosana juu ya posho za wachezaji na juu ya mwamuzi atoke wapi. Fedha iliyogombewa ilikuwa ndogo, lakini hawakucheza tena muda wa miaka 41. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa ugomvi alikuwa mtu mzima mwenye nyumba na watoto kabla wakubwa hawa hawajapatana. Nasi tumeona sharika zikigawanyika kwa jambo dogo kuliko posho, kwa hiyo tusiwacheke sana.

Waliporudi uwanjani, Desemba 1948, viongozi wa wanafunzi wa pande zote mbili walichimba shimo katika bustani ya mji wa Birmingham wakazika shoka. Kuzika shoka kwa Wamarekani ni alama ya kumaliza vita, desturi waliyoipokea kwa wenyeji wa kwanza wa nchi ile. Kisha wakacheza, Alabama wakashinda 55 kwa 0. Nadhani walikuwako watu wa Auburn waliotamani kulifukua shoka lile jioni ile ile. Hawakulifukua, na mchezo umeendelea kila mwaka tangu siku hiyo.

Sasa naja kwenye miti. Katika mji wa Auburn, penye njia panda iitwayo Toomer's Corner, ilisimama mialoni miwili mikubwa mbele ya lango la chuo. Auburn wakishinda, watu walikwenda pale, wazee kwa watoto, wakairushia karatasi za chooni juu ya matawi, mpaka miti ikawa myeupe kama iliyoangukiwa na theluji. Kwetu jambo hili laonekana upuuzi, tena ni kupoteza karatasi. Lakini pale baba alimshika mwanawe mkono mahali ambapo yeye mwenyewe alishikwa mkono na babaye, na kitu cha namna hiyo hakipimwi kwa bei ya karatasi.

Tarehe 26 Novemba 2010 timu hizi zilikutana Tuscaloosa. Alabama waliongoza kwa pointi 24 wakati wapinzani wao hawajapata hata moja. Watu wao wakaanza kuimba. Ndipo Auburn wakainuka, wakashinda 28 kwa 27, huku uwanja wa wenyeji ukinyamaza. Yeyote aliyepata kushindwa nyumbani kwake baada ya kujisifu ajua uchungu huo ulivyo. Hata hapa hauna dhambi. Machozi ya mchezo hukauka, na Mungu hamhukumu mtu kwa kukosa usingizi usiku mmoja.

Mwezi wa Januari 2011 mtu mmoja alipiga simu katika kipindi cha redio, ambamo wapenzi wa mpira huzungumza na kutaniana. Akasema kwamba baada ya mchezo ule alikwenda Auburn akaitilia sumu ile mialoni. Akaulizwa kama imekufa. Akajibu kwamba bado, lakini itakufa hakika. Akamaliza kwa ukelele wa timu yake. Wengi walidhani ni mzaha. Wataalamu wa chuo wakapima udongo, wakaikuta dawa kali ya kuua mimea. Wakachimbua udongo, wakatia makaa ya kunyonya sumu, wakaitunza miti kama mtu atunzavyo mgonjwa aliyekatiwa tamaa. Haikufaa. Tarehe 23 Aprili 2013 miti ile ikakatwa.

Jina la mtu yule sitaliandika. Alikuwa askari mstaafu mwenye umri wa miaka zaidi ya sitini. Alikiri kosa, akafungwa, akafa mwaka 2020, naye yu mikononi mwa Mwamuzi wa haki. Ila nataka tumtazame kidogo, maana si mbali nasi kama tupendavyo kudhani. Alidai kwamba mwaka 1983, alipokufa Bryant, kocha mashuhuri wa Alabama, watu wa Auburn walishangilia penye miti ile. Kama ni kweli au si kweli, alikuwa ameibeba hasira hiyo muda wa miaka 28, akiilisha kila mwaka. Alipoulizwa baadaye kwa nini alifanya hivyo, alisema kwamba Alabama ilikuwa imezidi mno ndani yake.

Neno hilo ni ungamo kuliko yeye mwenyewe alivyojua. Daktari Martin Luther, akiieleza amri ya kwanza katika Katekismo Kubwa, afundisha kwamba kile ambacho moyo wa mtu hukishikilia na kukitegemea, hicho ndicho mungu wake. Hatujasikia kwamba mtu yule aliinama mbele ya kinyago. Alipenda timu. Lakini kitu kikizidi ndani ya mtu, hakimwachii jirani nafasi. Na jirani akikosa nafasi moyoni, miti yake haina ulinzi tena. Katekismo Ndogo yatufundisha katika amri ya saba kwamba haitoshi kuacha kuiba mali ya jirani, yatupasa pia kumsaidia ili mali yake itunzwe. Na Musa aliwakataza Israeli wasiinue shoka juu ya miti ya matunda hata walipouzingira mji wa adui, kwa kuwa mti hauwezi kukimbia wala kujitetea. Najua mwanafunzi wa Biblia atanikumbusha kwamba mwaloni hauzai matunda ya kuliwa. Ni kweli. Lakini ikiwa adui wa vita alihifadhiwa mti wake, je, mtani wa mchezo asihifadhiwe wake?

Habari haiishii hapo, wala nisingalipenda kuwaacha na sumu peke yake. Watu wengi wa Alabama walipata haya kwa tendo lile, wakachanga fedha kwa ajili ya miti ya wapinzani wao. Hawakungoja kuombwa. Tena haikupita hata miezi mitatu tangu mtu yule kukamatwa, msiba ukaja upande wa pili. Tarehe 27 Aprili 2011 kisulisuli kikubwa kiliupiga mji wa Tuscaloosa, kikabomoa nyumba mtaa baada ya mtaa, kikaendelea mpaka Birmingham. Siku hiyo moja, kwa tufani nyingi zilizotokea, watu zaidi ya 200 walikufa katika jimbo la Alabama. Miongoni mwao walikuwamo wanafunzi wa chuo kile. Ndipo watu wa Auburn wakajikusanya, wakajiita “Toomer's for Tuscaloosa”, yaani watu wa Toomer's kwa ajili ya Tuscaloosa. Lilichukuliwa jina la mahali palipotiwa sumu, likafanywa jina la msaada. Wakapeleka maji na chakula na vyombo, na watu wa kusaidia kuondoa vifusi. Miti yao wenyewe ilikuwa ikikauka nyuma yao siku zile.

Hapo ndipo nilipowakumbuka watani wetu na jembe la kaburini. Mtume Paulo, aliposema habari za kulia pamoja na waliao, hakutuwekea sharti kwamba tuulize kwanza wao ni wa timu gani.

Lakini sina ruhusa ya kusema habari za Marekani peke yake. Katika nchi yetu Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na jina hilo ni zuri likitimizwa. Jumapili moja, timu niipendayo ilikuwa imeshinda jana yake, nikamngoja mlangoni pa kanisa mzee mmoja wa kanisa aliye wa upande wa pili. Nilikuwa nimeyatengeneza maneno yangu tangu usiku. Nakiri niliyatengeneza kwa bidii kuliko hubiri. Nikamwambia, watu wakacheka. Yeye hakujibu, alinishika mkono, akasema, “Bwana asifiwe, Mchungaji,” akaingia, akaketi. Baada ya ibada nikapata habari kwamba alifiwa na ndugu yake usiku ule, naye alikuja kanisani kutafuta faraja kabla ya safari ya mazishi. Sikumtilia sumu mti wake. Lakini nilikuwa mtani niliyejua matokeo ya mpira kabla ya kujua msiba wa nyumba yake, na hilo ni kinyume cha utani wote. Nilikwenda kwake jioni, nikaomba radhi. Akaniambia, “Mchungaji, ungalikosa kunitania ningalijua unaumwa.” Ndivyo alivyonisamehe. Hata leo sijui kama nilistahili kusamehewa upesi namna ile.

Basi siwakatazi utani, wapenzi. Ningekataza na mvua. Usharika usiocheka ni baridi, na vijana wakiona tumekunja uso kwa kila furaha yao watadhani Kristo hakuhudhuria arusi ya Kana. Ila mzee wa familia na ayasikilize maneno yanayosemwa mezani pake siku ya mchezo, na aangalie ni lini kicheko kinakoma kuwa cha watu wawili na kuwa cha mmoja juu ya mwenziwe. Na kijana aliyeshindwa jana asiachwe peke yake na hasira yake mpaka izeeke.

Mwaka 2015 ilipandwa miti mipya pale Auburn. Mwaka 2016, usiku wa kushangilia ushindi, mmoja ulichomwa moto, ikabidi kupandwa mwingine. Moto ule haukutoka Tuscaloosa. Furaha nayo yahitaji kulindwa.

Desturi moja ya vyuo vile imenipendeza kuliko zote. Baada ya mchezo wao wa mwaka, timu za vyuo hivi zikutanapo kwa mpira wa kikapu nyumbani kwa walioshinda, shughuli husimama kidogo katikati. Kiongozi wa wanafunzi wa chuo kilichoshindwa hutoka mbele ya umati wote, naye hulikabidhi kombe. Kisha, kwa desturi, huimba wimbo wa washindi kwa kinywa chake mwenyewe, huku watani wakimcheka kutoka pande zote.