Kudai Fidia ya Nguo

Mtu wa Karatu akimpelekea dobi koti lake, naye dobi akaliunguza kwa pasi ya mkaa, je, afanya choyo akidai fidia? Wengi hunyamaza, wakisema, "Yaishe." Lakini hayaishi: humsengenya dobi sokoni, hata akakosa kazi asijue sababu. Kunyamaza kwa namna hii si upole.

Twaona yafaa kumwendea mwenyewe kwa heshima, koti mkononi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, humtaka apokeaye mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwenye busara atunzavyo mali yake. Basi kudai si kuomba sadaka. Tena kwa aendaye ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, juu kupita mita 2,000, koti si pambo, bali ni kinga ya baridi.

Walakini haki ina pande mbili. Koti lililovaliwa miaka mitano halidaiwi bei ya jipya. Adaiye kupita hasara yake ageuza ajali kuwa biashara. Na dobi asiye na fedha aweza kulipa kidogo kidogo, au kwa kazi ya mikono yake.

Ndugu wasomaji, tudai kilichopotea, tusizidishe, ili kesho tupate kumpa tena nguo zetu bila kuoneana haya.